Barua Ambayo Domitila Hakuituma

Wakulima wa Bagara na Sigino walikuwa wakimwita Domitila "Mama Mbegu", ingawa jina lake la heshima lilikuwa Mama Paskasi. Alikuwa akiuza katika duka la pembejeo la Abdulsalam, karibu na stendi ya Babati, tangu wakati ambao Amna, binti wa tajiri wake, alikuwa bado anabebwa mgongoni. Na aliyekuwa akimbeba mara nyingi ni Domitila huyohuyo, huku anapima mbolea. Mtu akija na jani la mahindi lililotobolewa, Domitila alilitazama, akauliza shamba liko wapi na mvua ya mwisho ilinyesha lini, kisha akamwambia anunue nini, au asinunue chochote. Kwa sababu ya hilo la pili, watu walimwamini.

Mimi ni fundi cherehani. Kibaraza changu kiko upande wa pili wa soko, na nilimfahamu vizuri pale tulipojiandikisha sote kurudia mtihani wa kidato cha nne kama watahiniwa wa kujitegemea. Mimi nilitaka cheti tu, roho itulie. Yeye alitaka kwenda chuo cha kilimo, na kilichokuwa kimemzuia miaka yote ni somo moja, Kiingereza. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na tisa. Mwanawe Paskasi alikuwa kidato cha pili na alikuwa akimcheka kidogo, si kwa ubaya.

Tulisoma mtaa wa Maisaka, jioni, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya Mwalimu Severini. Mchana alifundisha shule ya sekondari, jioni alitufundisha sisi wazee. Alikuwa mwembamba, mwenye subira, na hakuwa na kawaida ya kumwaibisha mtu. Lakini kwenye barua alikuwa mkali.

"Barua moja inaweza kuwapandisha daraja au kuwaangusha," alituambia. "Na wengi wenu hamtaanguka kwa sababu ya maneno. Mtaanguka kwa sababu ya sauti. Ukimwandikia rafiki kama unavyomwandikia meneja, umekosa. Ukimwandikia meneja kama shangazi yako, umekosa zaidi."

Wiki ile ya mwezi wa nane zoezi lilikuwa barua ya kuacha kazi. Alituambia tumwandikie mwajiri, na kwa sababu wengi wetu tulikuwa tunaandika mambo ya hewani yasiyo na kichwa wala miguu, akasema tutumie anwani za kweli na watu tunaowajua, ili akili ipate pa kushika. Mimi sina mwajiri, nikamwandikia padri. Domitila akamwandikia Abdulsalam.

Barua yake ya kwanza ilijaza ukurasa mzima. Alianza kwa kumsalimu, akamuulizia Mama Amna na mguu wake unaomsumbua, akasema kwao Dareda maharage yamekomaa vizuri, akamshukuru kwa siku alizomlisha na kumvisha, ndipo mwishoni kabisa akataja kuwa anafikiria kuacha kazi, kama Baba Amna ataona inafaa. Mwalimu aliisoma mpaka mwisho akitabasamu. Kisha akachukua kalamu nyekundu akakata karibu yote.

"Mama Paskasi, hii ni barua nzuri sana, na itapata sifuri," alisema. "Barua rasmi ya Kiingereza haicheki wala hailii. Haiulizi hali ya mguu wa mtu. Anza na 'Dear Sir'. Sema unaacha kazi. Sema kuanzia lini. Toa sababu moja iliyo wazi. Shukuru kwa mstari mmoja, funga."

"Sababu gani, Mwalimu? Mimi sina sababu ya kuacha kazi."

"Tunga. Umepata kazi nyingine yenye mshahara mzuri zaidi."

"Wapi?"

"Popote. Duka lolote."

Duka lililomjia kichwani lilikuwa la Leonard, mtaa uleule, upande wa pili wa barabara. Ndilo duka lililokuwa likimnyang'anya Abdulsalam wateja tangu mwaka uliopita. Akaandika hilo. Tarehe ya kuacha kazi akaweka Jumatatu, kwa kuwa ndiyo siku ambayo zoezi lilitakiwa kukusanywa. Mwalimu akaipitia, akasema sasa sauti imekaa sawa. Aiandike upya bila makosa, aitie kwenye bahasha yenye anwani, kwani hata anwani ina alama zake. Domitila alifurahi. Nakumbuka alivyonionyesha, kama mtu aliyeshona nguo yake ya kwanza ikakaa bila mikunjo.

Jumamosi duka lilikuwa halina watu. Mavuno yalikuwa yamekwisha na msimu wa kupanda ulikuwa mbali. Domitila alikaa kwenye meza ya duka akainakili ile barua kwa mwandiko mzuri, akaitia kwenye bahasha, akaandika juu yake jina la Abdulsalam na sanduku la posta la duka. Akaiweka kando ya mizani gundi ikauke. Mchana Zuwena, mke wa Abdulsalam, akaja kumpokea kama kawaida ya Jumamosi, na Domitila akaondoka mbio kuwahi gari la Dareda, kwenda kumwona mama yake. Bahasha ikabaki pale.

Huko Dareda aliikumbuka. Alifungua mkoba hakuiona, akasema moyoni kwamba ataichukua Jumatatu asubuhi akifika kazini. Hakuiwaza tena. Kwake ilikuwa kazi ya darasa, kama hesabu za kugawanya.

Jumatatu alifika dukani mapema, akakuta limekwisha kufunguliwa. Jambo hilo lilimshangaza kwanza, maana mfungua duka ni yeye. Jambo la pili lilikuwa kufuli. Lile kuukuu, lenye kutu, ambalo ufunguo wake ulikuwa mkobani mwake, halikuwapo. Penye komeo lilining'inia jipya, la njano, bado lina karatasi ya dukani. Ndani, nyuma ya meza, alikuwa amesimama Mudy, mpwa wa Abdulsalam, amevaa koti la kijani ambalo Domitila huvaa akiwa anapima dawa. Lilikuwa limembana mabegani.

Abdulsalam mwenyewe alikuwa ameketi kwenye gunia la mbolea, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo.

"Shikamoo, Baba Amna."

"Marahaba," alijibu, akitazama barabarani. Kisha akasema, "Barua yako nimeipata. Nakushukuru kwa kazi uliyonifanyia. Mungu akufungulie huko uendako."

"Barua gani, Baba Amna?"

"Usinifanye mtoto, Mama Paskasi."

Domitila akamtazama Mudy, na Mudy akainamia mizani akaanza kuifuta, ingawa haikuwa na vumbi. Mteja mmoja mwanamke akaingia, akamsalimu Domitila kwa jina na kumuuliza dawa ya viwavi. Domitila akafungua kinywa amjibu. Abdulsalam akamwahi: "Muulize kijana pale, mama. Huyu hayupo tena."

Huyu hayupo tena, na yeye amesimama palepale.

Akatoka. Alipita katikati ya soko bila kuitikia salamu za watu, akaja mpaka kibarazani kwangu, akakaa kwenye benchi la wateja. Nilidhani amefiwa. Nikaacha cherehani nikampa maji, akayashika bila kuyanywa.

"Nimefukuzwa kazi," alisema hatimaye. "Sijui kosa langu. Anasema barua. Ritha, mimi nimeandika barua gani?"

Nami sikufikiri. Naapa, tulikuwa darasa moja, na hata mimi sikufikiri. Wakati huo nilikuwa nimeshikwa na hilo neno kufukuzwa, kwa sababu mtu angeniambia Abdulsalam amehama Babati ningemwamini mapema kuliko kuambiwa amemfukuza Domitila. Alikwenda mpaka Dareda kumzika baba yake Domitila. Alisimama kaburini na kofia yake mkononi, katikati ya Wakristo, akatupa udongo.

Tukiwa tumekaa hivyo simu yake ikaita. Alikuwa Leonard, yule mwenye duka la ng'ambo. Domitila aliweka sauti kubwa kwa kuwa simu yake ilikuwa na ubovu, nikasikia kila neno.

"Mama Paskasi, habari za asubuhi? Nimeona Mudy ameshaanza kule. Basi wewe usijali, karibu kwangu. Hata leo njoo."

"Kwako kufanya nini, Baba Edda?"

"Kazi. Si umemwandikia mzee kwamba unakuja kwangu? Alikuja nyumbani jana na barua mkononi, kafura. Anasema nimemwibia mtu wake."

Domitila alikata simu, au ilijikata, sijui. Aliiweka mapajani akaitazama. Katika maisha yake yote alikuwa ameliandika jina la Leonard kwenye karatasi moja tu.

Akasema taratibu sana, "Lile zoezi."

Kisha akasema tena, "Ritha, lile zoezi la Mwalimu." Maji yakamwagika kwenye kitambaa cha mtu nilichokuwa nimekikunja kando yake, na hakuna kati yetu aliyeinuka kukiokoa.

Nilimwambia arudi dukani mara moja aeleze. Alikataa. Hakuwa na kiburi. Aliogopa tu kwamba akisema ni zoezi, hakuna mtu atakayemwamini. Hata mimi nilipolijaribu hilo neno mdomoni lilisikika kama uongo wa mtoto. Mtu mzima anaandika barua ya kuacha kazi, anataja duka, anataja siku, anaitia kwenye bahasha, anaandika jina lako juu, anaiacha mezani kwako, anasafiri. Halafu anasema alikuwa anajifunza.

Tukamngoja Mwalimu Severini atoke shule. Alipofika kwake alitukuta mlangoni. Domitila alimweleza akiwa amesimama. Mwalimu alisikiliza huku anatafuta funguo mifukoni, na maelezo yalipofika pale pa Mudy na koti, akaacha kutafuta. Akakaa kwenye ngazi ya mlango wake na madaftari ya wanafunzi mapajani.

"Ile niliyoisahihisha mimi?" aliuliza.

"Ileile. Niliinakili vizuri, kama ulivyosema."

Alifunika uso kwa kiganja. Miaka yote alikuwa amefundisha barua hizo kutoka vitabuni: meneja wa kampuni, mkurugenzi wa kiwanda, watu wasio na sura. Sasa moja ilikuwa imetoka darasani ikaenda ikamkuta mtu mwenye nyumba na mke anayeumwa mguu.

"Twende," alisema. "Mimi ndiye niliyekata salamu zako."

Tulifika Bagara, nyumbani kwa Abdulsalam, baada ya sala ya alasiri. Mwenyewe alikuwa uani, anakunja mkeka. Zuwena alitukaribisha kwa sababu hawezi kuacha kukaribisha mtu, lakini hakumshika Domitila mkono kama kawaida yake. Alimpa ncha za vidole. Amna alikuwa jikoni, na alipotuona akatoka akasimama nyuma ya mama yake. Tulipewa viti. Chai haikuletwa, na mimi niliyewahi kwenda nyumba ile mara mbili tatu nilijua maana yake.

Mwalimu Severini alisalimu, akajitambulisha, akaeleza. Alieleza vizuri na kwa unyenyekevu, akisema kosa ni lake. Abdulsalam alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha akamgeukia Domitila.

"Unataka niamini kwamba hii ni mchezo wa shule."

"Si mchezo, Baba Amna. Ni mtihani. Lakini si kweli."

Abdulsalam aliingia ndani akatoka na ile bahasha. Akampa Amna. "Soma. Soma kama ulivyonisomea mimi, na Kiswahili chake, wasikie nilichosikia."

Amna alikuwa kidato cha pili, kama Paskasi. Aliifungua barua. Alisoma Kiingereza kwanza, halafu neno kwa neno akakigeuza, kama alivyofanya Jumamosi ile na kamusi ya shule pembeni.

"Mpendwa Bwana," alisoma. "Ninajuta kukujulisha kwamba ninaacha kazi katika duka lako, kuanzia Jumatatu."

"Ninajuta," Abdulsalam alirudia. "Nikajiuliza, huyu anajuta nini? Amejuta kufanya kazi kwangu? Endelea."

"Nimepata nafasi bora zaidi katika duka la Bwana Leonard. Ninakushukuru kwa nafasi uliyonipa." Sauti ya Amna ilikuwa inapungua. "Wako mwaminifu."

"Mwaminifu," alisema Abdulsalam.

Kuku walikuwa wanachakura kando ya ukuta. Mwalimu alifungua mdomo aeleze kwamba neno lile la Kiingereza halina maana ya kujuta, ni adabu tu, ni namna ya kusema samahani. Akaeleza kweli, lakini maelezo yake yalisikika kama mtu anayechambua mchele wakati nyumba inaungua.

"Mwalimu, sibishi," alisema Abdulsalam. "Wewe unajua Kiingereza, mimi najua cha kwenye mifuko ya mbegu. Lakini huyu tumekaa naye. Sikukuu ya Idi anapika hapa na mke wangu. Baba yake nimemzika. Mtu akitaka kuondoka kwangu, hata akienda kwa Leonard, mimi sina kamba ya kumfunga. Angekuja hapa akakaa kwenye kiti hicho akasema, Baba Amna, nimechoka, naondoka, ningemwombea dua. Sasa nasomewa barua na mwanangu mwenyewe kana kwamba nimeandikiwa na benki. Hakuna shikamoo. Hakuna mama hajambo. Hata mwezi mmoja wa kujiandaa hakunipa."

"Kwa nini hukunipigia simu?" Domitila aliuliza. Ndilo swali lililokuwa likimkereketa tangu asubuhi. "Simu yangu ilikuwa wazi, Baba Amna. Jumamosi, Jumapili, ilikuwa wazi."

"Niliishika simu. Mama Amna shahidi. Nikairudisha. Nikasema, mtu aliyeamua kuniandikia kwa Kiingereza hataki kusikia sauti yangu."

Zuwena alianza kulia kimya, akijifuta kwa upande wa mtandio. Yeye ndiye aliyeichukua bahasha kutoka kando ya mizani Jumamosi wakati anafunga duka, akaileta nyumbani akifikiri ni mambo ya kampuni ya mbegu. Alisema angejua angeitia motoni.

Domitila alipiga magoti pale uani. Si desturi ya kwao kupiga magoti, na mimi nilishtuka kumwona. Akasema hajaacha kazi, hajawahi kuzungumza na Leonard habari ya kazi, na kwamba barua yake ya kwanza ilikuwa imejaa salamu mpaka ikakatwa. Mwalimu akaitikia, ni kweli, niliikata mimi. Akautaja mguu wa Mama Amna, maharage ya Dareda, yote aliyoyafuta kwa kalamu yake.

Nadhani ni mguu uliomgusa Abdulsalam. Mtu anayetunga uongo hakumbuki mguu wa mke wa tajiri. Alipapasa ndevu, kisha akamwambia Domitila ainuke, asimtie aibu mbele ya watoto. Akamwambia Amna alete chai.

Tulipokuwa tunakunywa, akasema kesho aje kazini. Mudy hataondolewa, kwa sababu ameshaitwa mbele ya ndugu na kumrudisha ni kumvunjia heshima. Watafanya kazi wawili. Domitila akashukuru. Halafu akauliza jambo ambalo mimi ningelimeza.

"Na kufuli, Baba Amna? Ulidhani nitarudi usiku kuiba?"

Kikombe cha Abdulsalam kilisimama kabla ya kufika mdomoni. Alitazamana na mkewe. Nilimwona mzee yule, mfanyabiashara wa miaka mingi, akitafuta jibu na asilipate, kwa sababu jibu lilikuwa ndiyo. Kwa siku mbili, yeye na Mama Amna, watu waliomwachia duka na watoto na kila kitu, walikuwa wamemdhania Domitila vile. Nadhani hakulitambua mpaka liliposemwa kwa sauti.

"Niliogopa," alisema tu.

Njiani kurudi tulitembea mpaka tukafika barabara ya lami. Mwalimu alikuwa mbele, anatembea kama mtu aliyebeba mzigo. Hapo ndipo Domitila aliponishika mkono akasema, "Ritha, barua moja. Karatasi moja tu, miaka yote ile imekwisha." Nilifikiri juu ya wateja wangu, ndugu zangu, mume wangu, nikajiuliza ni mstari gani ungetosha kunitenga na kila mmoja.

Kesho yake, kabla ya kwenda dukani, alivuka barabara kwenda kwa Leonard. Alitaka kujua jambo moja: Jumapili ile mzee alipokwenda kwake na barua, kwa nini hakumwambia kwamba si kweli? Leonard alicheka kidogo, kisha alipoona Domitila hacheki akaacha.

"Mama Paskasi, mimi nilidhani umenichagua kwanza ndipo utaniambia. Nikasema, bahati imekuja yenyewe, niifukuze?"

"Ulijua hatujaongea."

"Nilijua wewe ni muuzaji mzuri kuliko wote mtaani. Hilo tu."

Akamtajia mshahara. Ulikuwa mkubwa kuliko wa Abdulsalam, na Domitila alikuwa na ada ya Paskasi ya kulipa. Alisimama pale kati ya magunia akiwa ameduwaa kwamba uongo aliotunga kwa ajili ya alama za darasani ulikuwa umesimama mbele yake na mshahara wake, ukimngoja akubali. Akasema asante, hapana. Akavuka barabara akarudi.

Haikuwa kama zamani. Kwa wiki kadhaa Abdulsalam alikuja mwenyewe kufunga jioni, akijifanya anapita tu kutoka msikitini. Domitila alilijua, na kila mara alichukua mkoba wake akaufungua wazi mezani akitafuta kitu kisichokuwamo, mpaka siku moja Zuwena alimwambia mumewe mbele yake, "Inatosha sasa, Baba Amna." Ikatosha. Mudy naye alimfuata kila mahali akiuliza majina ya dawa, na kumbe alikuwa anafundishika.

Darasani Domitila alikosa wiki nzima. Aliporudi hakuweza kuandika "Dear Sir". Mkono ulifika pale ukasimama. Mwalimu Severini hakumlazimisha. Yeye mwenyewe alikuwa amebadilika: kuanzia hapo barua zetu zote zilikwenda kwa kampuni aliyoibuni, ya kuuza mawingu, iliyoko katika mji usiokuwapo, na zilichanwa mbele yetu baada ya kusahihishwa. Pia alibadilisha namna ya kufundisha. Alituambia kwamba barua rasmi ya Kiingereza ina heshima yake, ila heshima hiyo inakaa katika kutompotezea mtu muda, na yetu inakaa katika kumpa mtu muda. Tukijua heshima ya nani tunaitumia, hatutapotea. Domitila aliliandika hilo kwenye jalada la daftari.

Mwezi wa kumi na moja tulifanya mtihani. Nilikaa dawati la nyuma yake. Swali la barua lilikuwa la kuomba nafasi ya kazi, na nilimwona amelitazama kwa muda mpaka msimamizi akamkaribia kuuliza kama anaumwa. Akatikisa kichwa. Akaanza. Tulipotoka nje alikuwa amelowa jasho shingoni. Alisema ameiandika kavu kama mfupa, na kwamba aliangalia mara tatu kuhakikisha hakuna jina la mtu yeyote wa Babati.

Matokeo yalipotoka alikuwa na C ya Kiingereza. Mimi nilipata D, na roho yangu ilitulia vilevile. Alipopata barua ya chuo, alikwenda Bagara siku ya Ijumaa, baada ya sala, akaketi uani na kumweleza Abdulsalam kwa mdomo wake mwenyewe, miezi mitano kabla ya kuondoka. Mzee akamuuliza Paskasi atabaki na nani, kisha akasema sasa Mudy ajifunze kwa haraka.

Leo yuko mwaka wa pili. Likizo iliyopita alikuja kibarazani nimpime koti la maabara, na nikiwa nimeshika futi mabegani mwake simu ikaita. Alikuwa Abdulsalam. Kulikuwa na dawa mpya ya kuua magugu, maelezo yote ya Kiingereza, na Mudy ameshindwa kuyasoma na Amna yuko shuleni. Lakini kwanza alimuulizia Paskasi, kisha mama yake wa Dareda, kisha kama huko chuoni ameacha mvua imeanza, na chakula cha huko kikoje. Domitila akajibu yote, akamuulizia mguu wa Mama Amna. Nilimaliza kumpima mabega, kiuno na mikono, nikakaa, nikaanza kukata kitambaa, na mzee akawa ndiyo kwanza anafungua boksi la dawa amsomee herufi ya kwanza.